Majani Niliyoyachoma Mpui

Wazee wangu, shikamooni. Na wengine nyote, poleni na kupanda mlima. Nawaona wenzangu wa Mtowisa, kule bondeni, mmejibana pale mlangoni, mashuka yamefika puani. Hiyo ndiyo baridi ya Ufipa, hamjaona kitu. Mimi niliikuta hivyo hivyo, na siku hiyo sikuwa najua hata ninakopelekwa.

Mwenyekiti ameniomba niseme nilivyougua na nilivyopona, na kwamba nisitaje jina la mtu. Sitataja. Hata huyu tunayemuaga leo, ambaye tumemwandalia kiti meza kuu akaenda kukaa kule nyuma na akina mama wenye watoto, simtaji. Nitamwita Mama Daktari, tulivyozoea. Mama Daktari, nikikosea unisahihishe, ila usinikatishe. Leo ni zamu yangu.

Mimi ni mtoto wa wafugaji. Tulishuka bonde la Rukwa miaka ile ya ruksa, malori ya watu binafsi yalipoanza kufika vijijini kununua mpunga, na ushirika umeshalala. Kwetu kaskazini malisho yalikuwa yamekwisha. Tulikuja na ng'ombe, na masufuria, na woga. Woga wetu ulikuwa juu ya wenyeji. Tangu utotoni tulikuwa tumeambiwa kwamba watu wa Ufipa wanarusha radi kama wengine wanavyorusha mawe. Mnacheka, eh? Na nyinyi mlikuwa mnasema sisi tunakula mashamba ya watu kwa makusudi. Kila mmoja alikuwa na lake.

Nikaolewa huko huko bondeni, nikapata mimba, nikajifungua binti. Mtoto mzima, analia vizuri. Baba yake akafurahi, mama mkwe akaimba. Siku za mwanzo nami nilifurahi. Halafu usingizi ukanikimbia. Ndugu zangu, nawaambia, usingizi ukikukimbia msiuchukulie mchezo. Nilikuwa nakaa macho naona kila kitu kina maana. Ng'ombe akilia, ananisema mimi. Mama mkwe akikohoa, amewapa watu ishara. Na mtoto nikimtazama, naona si wangu. Naona nimeletewa nimtunzie mtu, na mwenyewe anamtaka.

Hili nalisema taratibu kwa sababu ni zito. Asubuhi moja nilimbeba mwanangu nikaenda naye mtoni kumrudisha kwa mwenyewe. Sikuwa na chuki naye hata kidogo. Kichwani mwangu nilikuwa natenda haki. Wanawake waliokuwa wanafua wakanikamata, maji yakiwa yameshanifika magotini.

Tangu siku hiyo mama mkwe alimchukua mtoto. Alimfunga mgongoni mwake, akawa anamnywesha maziwa ya ng'ombe, na mimi nikawekwa kwenye nyumba ya peke yangu. Simlaumu. Ningekuwa yeye ningefanya vile vile. Tulizunguka kwa waganga, wa kwetu na wa wenyeji, mpaka zizi likapungua. Mmoja alisema nimetupiwa jini, mwingine akasema jirani Mfipa ametamani ng'ombe wetu. Nikanyweshwa, nikachanjwa, nikafukizwa. Na sikulala.

Sasa sikilizeni alivyoingia huyu Mama Daktari katika maisha yetu, maana aliingia kupitia josho la kuogeshea ng'ombe.

Wakati ule alikuwa daktari wa akili peke yake mkoa mzima. Angeweza kukaa hospitalini mjini Sumbawanga akangoja watu waletwe. Lakini aliona hatuletwi. Nani ampandishe mgonjwa wa kichwa kwenye lori, barabara yenyewe ile, halafu ampitishe sokoni watu wote wakimtazama? Basi akamwendea bwana mifugo wa Mtowisa, akamwuliza wafugaji wanakutana lini wote. Bwana mifugo akamwambia, siku ya kuogesha. Serikali ilikuwa imeacha kuleta dawa ya josho, tukawa tunachangishana wenyewe, kwa hiyo siku hiyo hakosi mtu. Mama Daktari akaomba aazimwe siku ile. Akawa anashuka na Landirova ya hospitali, anaweka kiti chake karibu na josho, kwenye vumbi na harufu ya dawa ya kupe, anangoja.

Watu walidhani ni daktari wa ng'ombe mwanamke. Wakafurahi sana.

Baba watoto wangu naye akamfuata. Sasa mwanamume wa kwetu hawezi kusema mbele za watu kwamba mke wake ameharibikiwa na kichwa. Akasimama, akakohoa, akasema, "Daktari, nina jike langu limezaa, linamkataa ndama."

Mama Daktari akamtazama. Akamwuliza, "Linakula?"

"Kidogo."

"Linalala?"

"Halilali kabisa. Limemaliza mwezi."

"Limewahi kutaka kumdhuru ndama?"

Baba watoto akatazama chini. Mama Daktari akasema, "Baba, niletee huyo jike nimwone. Lakini tafadhali usimpitishe kwenye josho."

Haya, chekeni. Mume wangu mwenyewe aliniambia alicheka pale pale, akawa anacheka machozi yanamtoka, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza mtu kumwuliza maswali bila kumtajia mchawi.

Nikapandishwa mlima. Wodi siikumbuki vizuri. Nakumbuka sindano, nakumbuka kulala. Nililala, jamani! Nilipoamka nikasikia njaa, nikaomba ugali, na muuguzi akakimbia kumwita Mama Daktari kana kwamba nimesema jambo la ajabu. Akaja, akakaa kitandani kwangu, akanitazama nikila mpaka nikamaliza. Hakuandika kitu. Alinitazama tu, uso umejaa furaha, na mimi nikaanza kumwogopa kuanzia hapo. Si woga wa kukimbia. Ni ule woga wa kanisani, mtu anapopita na Sakramenti ukajikuta umepiga magoti.

Wodi ilikuwa ndogo na wagonjwa wengi. Na Mama Daktari alikuwa na utaratibu wake, ambao wakubwa wengine waliuona wa ajabu. Mgonjwa akianza kupata nafuu, hamrudishi kwao moja kwa moja, wala hamweki wodini akae akitazama ukuta. Alikuwa amepita parokiani, kigango kwa kigango, akiziomba familia za wakulima zipokee mtu mmoja mmoja. Akae nao, ale nao, afanye kazi atakayoiweza, na yeye mwenyewe atapita kumwangalia na kuleta dawa. Fikirini. Kumwomba Mfipa amlaze nyumbani kwake mwanamke wa wafugaji, tena aliyetoka kuugua akili. Walimkatalia wengi. Lakini wako waliokubali, na mmoja alikuwa bibi mmoja mjane hapa hapa Mpui, Mungu amlaze pema.

Bibi yule hakuwa mwongeaji. Nami Kifipa sikujua, na Kiswahili chake na changu vilikuwa vinapigana miereka. Lakini alinipa blanketi lake zito, yeye akajifunika jepesi. Alinipikia ugali wa ulezi, mweusi, mimi nikadhani umeungua. Alipoona nimeukazia macho alicheka kwa mara ya kwanza. Polepole nikaanza kuchota maji, kusafisha maharage, kufagia. Kiangazi kikawa kinaelekea mwisho.

Kule bondeni mama mkwe alikuwa ameshatoa neno lake. Mtoto hatamrudisha mpaka daktari aseme kwa kinywa chake, mbele ya watu, kwamba nimepona. Na Mama Daktari alikuwa amekubali. Alisema siku fulani atashuka bondeni, atampakia mama mkwe na baba watoto na mtoto, awalete hadi kwa bibi, waone wenyewe ninavyoishi, ndipo aseme. Mimi niliijua siku hiyo. Nilikuwa naingoja kama mtu anayengoja hukumu, kwa sababu mama mkwe alikuwa ameongeza kwamba daktari akisema bado, mtoto atapelekwa kaskazini kwa shangazi yake, na mimi nitarudishwa kwa baba yangu.

Siku moja kabla, bibi alikwenda mashineni kusaga. Nikabaki peke yangu. Nyuma ya nyumba alikuwa na shamba alilolipumzisha, limejaa majani marefu, makavu, yamenipita kichwa. Kila siku nilikuwa nayatazama nikimhurumia. Nikawaza, bibi amezeeka, hana mtu wa kumsafishia shamba. Amenipa blanketi, nami nitampa nini?

Kwetu majani ya kiangazi yanachomwa. Unachoma, mvua ya kwanza ikinyesha yanaota mapya, laini, ng'ombe wanafurahi. Nimefundishwa na baba yangu tangu utoto. Basi nikachukua jembe nikakwangua ukanda wa udongo mtupu kuzunguka shamba lote ili moto usitoke. Nikangoja upepo utulie. Nikawasha upande ule unakoelekea upepo, moto urudi polepole dhidi ya upepo badala ya kukimbia. Nikasimama na tawi bichi mkononi nikiulinda. Moto ulichoma vizuri. Niliridhika kama sijawahi kuridhika tangu nijifungue.

Nyinyi wa Ufipa mmeshashika vichwa. Najua. Subirini.

Bibi alirudi na unga kichwani akaona moshi. Akalitupa debe chini. Akapiga yowe, na majirani wote wakaja. Kwa maana huku, enyi wenzangu wa bonde ambao hamjui, majani hayachomwi. Yanafukiwa. Mvua zikishalainisha ardhi wanayageuza, wanayafunika kwa udongo, wanatengeneza yale matuta ya mviringo mnayoyaona kila mahali, na hayo majani yakioza ndiyo mbolea ya ulezi na maharage. Bibi alikuwa amelilinda lile shamba lisiguswe na moto kwa misimu mingi. Mimi nilikuwa nimemchomea mbolea yake yote.

Na hakuna aliyeniuliza. Nani amwulize kichaa? Wakaona mwanamke amesimama kwenye majivu na tawi mkononi, uso mweusi kwa moshi, anatabasamu. "Amerudiwa," wakasema. Balozi wa nyumba kumi akaja, nikafungwa kamba kwenye nguzo ya kibanda cha kuhifadhia mahindi. Nililia nikieleza, lakini nilipochanganyikiwa kwa woga Kiswahili kikanipotea, nikaeleza kwa Kisukuma, na hiyo ikawathibitishia.

Kesho yake Landirova ikafika. Nikasikia sauti ya mama mkwe. Nikasikia mtoto akicheka, na mimi nimefungwa kamba. Ndugu zangu, pale nilikufa. Ugonjwa wenyewe haukuniumiza kama saa ile, maana wakati wa ugonjwa sikuwa na akili ya kuumia, na sasa nilikuwa nayo yote.

Balozi akamweleza Mama Daktari, kwa heshima, kwa masikitiko. "Daktari, ulijitahidi. Ametuchomea mwenzetu shamba." Mama mkwe aliposikia moto alimvuta mtoto kifuani. Akasema, "Mimi nilijua."

Nilimtazama Mama Daktari usoni. Nilitaka kuona atakasirika au ataaibika. Akauliza, "Shamba liko wapi?"

Wakamwonyesha. Akaanza kulizunguka. Alikuwa amevaa viatu vya ofisini, vya kupendeza. Akaingia navyo kwenye majivu, akatembea pembeni, polepole, kichwa kimeinama, watu wote wanamfuata kama maandamano. Mimi nilikuwa naona kutoka kwenye nguzo. Mahali fulani akachuchumaa. Akashika ule ukanda nilioukwangua, akaufuata kwa macho ulivyozunguka. Akainuka, akaja moja kwa moja hadi kwangu na sketi yake nyeusi kwa masizi, akasema, "Mama, jana ulikuwa unafanya nini?"

Nikasema, "Nilikuwa namsafishia bibi shamba."

"Ulianza kuwasha upande gani?"

Nikamwonyesha kwa kidevu, maana mikono imefungwa.

"Kwa nini upande ule?"

"Upepo unakwenda kule. Ukiwasha kwa huku, moto unakimbia, unakula nyumba."

Akamgeukia mama mkwe. Akamwamkia upya, "Mama, shikamoo," kana kwamba ndiyo kwanza wanakutana. Mama mkwe akashangaa, akaitikia. Mama Daktari akasema, "Mimi ni mtoto wa mjini, haya siyajui. Nisaidie. Kwenu, majani makavu mnayafanyaje?"

Mama mkwe alimtazama, akanitazama mimi, akatazama shamba. Halafu, mtoto akiwa mgongoni, akaondoka kwenda kulizunguka mwenyewe. Alitembea kama daktari alivyotembea, pembeni kwa pembeni. Aliukanyaga ule ukanda kwa kisigino. Aliinua pua akatafuta upepo. Huyu ni mama aliyechoma malisho tangu ujana wake, mumewe amekufa akamwachia zizi akaliendesha. Akarudi, akasimama mbele ya watu wote, akasema kwa Kiswahili chake kizito, "Amechoma vizuri."

Balozi akasema, "Mama, lakini huku hatuchomi."

"Mlimwambia?" Mama Daktari akauliza.

Bibi akasema, "Nani asiyejua?"

"Yeye, mama. Yeye ndiye asiyejua." Halafu akasema maneno aliyokuwa amekuja kuyasema, kwa kinywa chake, mbele ya watu, kama mama mkwe alivyotaka. "Mgonjwa hawezi kupima upepo. Huyu mwanamke amepona. Amekosea kwa sababu amepona na yuko ugenini. Mfungueni."

Bibi ndiye aliyenifungua. Fundo lilimshinda, akalimalizia kwa meno. Akaniambia, "Mwanangu, ungeuliza," nami nikamwambia, "Bibi, ungesema," tukashikana pale tukalia, na sote wawili tulikuwa na haki.

Mama mkwe akafungua kanga, akamtoa mtoto mgongoni, akanipa. Mtoto alilia. Hakunijua. Nikataka kumrudisha, nikaogopa. Mama Daktari akaninong'oneza, "Acha alie. Anakushangaa tu, hajakukataa." Nikakaa chini kwenye majivu nikamshika, akalia mpaka akachoka, akalala. Mtoto amelala mikononi mwangu, na mimi namwona ni wangu, pua yangu, masikio ya baba yake. Mpaka leo sijui nilisemeje jambo hilo. Nilistaajabu, na bado nastaajabu.

Sijamaliza. Mvua ziliponyesha, shamba la bibi halikuwa na majani ya kufukia. Lilikuwa limeota nyasi fupi za kijani, ng'ombe wa jirani wakavunja ua kuja kunishukuru. Ndipo Jumamosi moja Landirova ikaja imejaa wauguzi, na karani, na dereva, na miundu. Mama Daktari alikuwa ameshapewa ukubwa wakati huo, madaktari wote wa mkoa wako chini yake. Alivaa kanga juu ya gauni la mtumba, akaingia porini kukata majani, wakayabeba vichwani hadi kwa bibi, wakaanza kuyafukia. Matuta yake yalikuwa mabaya sana. Samahani, Mama Daktari, lakini yalikuwa yamepinda, bibi aliyarudia yote ulipoondoka. Lakini ulezi uliota. Na tangu siku ile wale waliomkatalia kupokea wagonjwa wakaanza kumfuata wenyewe.

Ukubwa haukumtoa joshoni. Hospitali zilipoanza kuchangisha watu, tukaogopa kwamba wagonjwa wetu watabaki majumbani. Tulisikia alivyosimama kwenye vikao, akarudi tena na tena, mpaka wakaachwa watibiwe bila malipo. Nilipobeba mimba ya pili alinitafuta kabla sijamtafuta. Usingizi ulitaka kunikimbia tena, nikawahi kusema, nikatibiwa, mtoto sikunyang'anywa. Nawaambia hivyo msije mkadhani dawa ni aibu. Mimi naimeza, na ng'ombe nakamua.

Namshukuru baba watoto, aliyeenda kuongea habari za jike lake. Namshukuru bwana mifugo aliyemwazima daktari siku yake. Namshukuru mama mkwe, ambaye angeweza kunyamaza kuhusu ule moto, akaamua kusema kweli. Bibi namshukuru kaburini kwake, pale nilipompandia maharage. Na wewe Mama Daktari, unakwenda kusimamia wagonjwa wa nchi nzima, huko utakutana na majani ya kila aina. Sisi tunakuachia Mungu.

Somo langu ni dogo. Mtu akifanya jambo usilolielewa, kabla hujakimbilia kamba, muulize kwao wanafanyaje.

Nami nimejenga chumba kimoja nyuma ya nyumba yangu kule bondeni. Wiki ijayo napokea mgeni, dada mmoja kutoka Mwazye, ametoka wodini juzi. Wanasema ni mpole, hasemi sana. Shamba langu liko wazi, jembe liko mlangoni, na kiberiti nimekiacha jikoni mahali pake. Sijui kwao wanafanyaje. Akifika, nitamuuliza.